Basi Lililozidiwa na Uzito: Dalili, Chanzo, na Pale Wito wa Kurudisha Magari Unapohusika

Basi linaweza kuzidisha uzito bila abiria hata mmoja kusimama. Viti vikiwa vimejaa na njia ya katikati ikiwa wazi, mzani bado unaweza kuonyesha kwamba ekseli ya nyuma imebeba kuliko ilivyotengenezewa, na kosa hilo huenda si la dereva wala la kondakta bali la aliyeunda bodi, aliyebandika kibati chenye tarakimu zisizo sahihi, au aliyefunga matairi yasiyolingana na ekseli. Kwa sababu hiyo, kila dalili iliyoelezwa hapa inapaswa kufuatiliwa kwa maswali mawili yasiyochanganywa: je, basi limepakiwa kupita kiwango chake, au kiwango chenyewe kina kasoro? Swali la kwanza ni la mwenye basi. La pili ni la mtengenezaji, na ndilo linaloleta wito wa kurudisha magari kwa ajili ya usalama, yaani tangazo la mtengenezaji la kuyaita magari yenye kasoro ili yarekebishwe. Anayeyachanganya huishia ama kumlaumu dereva kwa kasoro ya kiwandani, ama kusubiri barua ya kiwanda kwa tatizo alilolipakia mwenyewe kwenye buti.

Kwanza, soma kibati

Kibati cha mtengenezaji kwa kawaida hubandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, karibu na kiti chake, au ndani ya mlango wa kupandia. Humo hutajwa uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari zima likiwa limepakia, uzito unaoruhusiwa kwa kila ekseli, na mara nyingi saizi ya matairi pamoja na kiasi cha upepo. Wasomaji wengi huishia kwenye tarakimu ya gari zima na kuziruka za ekseli, ilhali za ekseli ndizo zinazovunjwa kwanza. Pia isidhaniwe kwamba uzito wa gari zima ni jumla ya uzito wa ekseli zake, kwa maana mara nyingi huwa chini ya jumla hiyo, kwani chasisi, breki na usukani navyo vina mipaka yake, na tarakimu ya gari zima hufuata kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote.

Angalia kipimo kilichotumika. Mabasi yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani huandikwa uzito kwa pauni, wakati mwingine pamoja na kilo na wakati mwingine bila kilo. Pauni 36,000 ni takribani kilo 16,330, na mtu akizisoma pauni hizo kama kilo atajiona ana nafasi ya kupakia zaidi ya mara mbili ya uwezo wa basi.

Mzani umekataa basi ambalo halina abiria wa kusimama

Hii ndiyo dalili inayozua ubishi mwingi, kwa sababu dereva huhesabu vichwa na mzani hupima kilo. Mtengenezaji anapoweka uzito wa juu wa gari hukadiria uzito wa kila abiria kwa tarakimu iliyowekwa na kanuni. Katika kanuni za Marekani, uzito wa juu hautakiwi kuwa chini ya jumla ya uzito wa gari tupu, mzigo uliotajwa, na pauni 150, yaani kilo 68, kwa kila kiti. Kwa mabasi ya shule, mwanafunzi huhesabiwa pauni 120, takribani kilo 54. Kanuni za Ulaya hutumia kilo 68 kwa mabasi ya mjini na kilo 71 kwa mabasi ya safari ndefu, ambapo kilo 3 kati ya hizo ni mkoba wa mkononi. Hizo ni tarakimu za kuundia gari. Hakuna anayemhakikishia mwenye basi kwamba abiria wake watakuwa na uzito huo.

Chukua basi la ekseli mbili ambalo kibati chake kinaruhusu kilo 16,000 kwa gari zima, kilo 6,000 kwa ekseli ya mbele na kilo 10,500 kwa ya nyuma. Likiwa tupu na tangi limejaa, lina kilo 11,200. Linabeba abiria 49, dereva na kondakta. Kwa hesabu ya kilo 68, watu hao 51 wana kilo 3,468, na kila abiria akipewa kilo 20 za mizigo tunaongeza kilo 980, hivyo jumla inakuwa kilo 15,648 na basi liko salama kwa hesabu ya karatasi. Sasa weka watu wazima wenye wastani wa kilo 80 kila mmoja. Watu peke yao wanafika kilo 4,080, jumla ya gari inakuwa kilo 16,260, na basi limezidisha kilo 260 bila mtu yeyote kukosa kiti. Tuseme mzani umegawa uzito huo kuwa kilo 5,310 mbele na 10,950 nyuma: gari zima limezidisha kilo 260, lakini ekseli ya nyuma imezidisha kilo 450, na kuteremsha abiria watatu wa viti vya mbele, hata kama kutarudisha jumla karibu na kiwango, hakutaiponya ekseli hiyo.

Ulaya yenyewe ilikiri tatizo hili mwaka 2015, ilipopandisha kiwango cha basi la ekseli mbili kutoka tani 18 hadi tani 19.5, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba abiria na mizigo yao wamekuwa wazito zaidi na kwamba vifaa vipya vinavyotakiwa na sheria vimeliongezea gari uzito wake tupu. Kupanda kwa kiwango cha barabarani hakukuongeza hata kilo moja kwenye kibati cha basi lililokwisha kuundwa.

Kabla ya kukubali au kukataa matokeo ya mzani, hakikisha upimaji ulifanywa sawasawa. Basi liwe mahali tambarare, kwa sababu mteremko mdogo husukuma uzito kutoka ekseli moja kwenda nyingine. Breki ziachiliwe wakati wa kusoma, maana breki iliyoshikilia huzuia springi zisitulie na kuipotosha tarakimu ya ekseli. Ukipima ekseli moja baada ya nyingine, jumla yake iwe karibu sawa na uzito wa gari zima lililopimwa kwa pamoja. Zikitofautiana sana, rudia upimaji badala ya kuchagua tarakimu inayokupendeza.

Upimaji wa maana kuliko wote ni ule unaofanywa basi likiwa tupu, na ni wamiliki wachache wanaoufanya. Ukiwa na uzito halisi wa basi tupu, ulioupima mwenyewe kwa kila ekseli, ongeza kilo 68 kwa kila kiti. Iwapo hesabu hiyo peke yake, kabla ya mizigo, tayari inapita kibati, basi hilo liliundwa na viti vingi kuliko uwezo wake, na hapo unashika ushahidi wa kasoro ya uundaji, si ya upakiaji. Hali hiyo hutokea zaidi pale chasisi inapotoka kiwanda kimoja na bodi kuundwa na kingine, kisha baadaye kuongezwa kiyoyozi cha juu ya paa, lifti ya kiti cha magurudumu, choo, au mitungi ya gesi na betri za kuendeshea gari ambazo hazikuwamo kwenye hesabu ya awali.

Nyuma ya basi imelala

Basi la springi za majani likilala nyuma likiwa limepakia, na kubaki limelala hata baada ya kupakuliwa, springi zimechoka au jani limevunjika. Likilala linapopakiwa na kuinuka linapopakuliwa, tazama mizigo imewekwa wapi. Buti lililo nyuma ya ekseli ya nyuma hufanya kazi kama ubao wa pembea: kilo 600 zikiwekwa mita 2 nyuma ya ekseli hiyo, kwenye basi ambalo umbali kati ya ekseli zake ni mita 6, ekseli ya nyuma haibebi kilo 600 bali kilo 800, na ya mbele hupunguziwa kilo 200. Mizigo ile ile ikihamishiwa kwenye mabuti ya katikati ya ekseli, hugawanyika kwa ekseli zote mbili. Ni marekebisho yasiyogharimu chochote, na mara nyingi huondoa dalili kabisa.

Kwa basi la mito ya hewa, dalili hii haionekani. Vali ya kusawazisha huongeza hewa kwenye mito mpaka basi lirudi kwenye kimo chake, hivyo basi lililozidisha tani nzima huweza kusimama wima kama lililo tupu. Kinachobadilika ni shinikizo la hewa ndani ya mito, na kwa hiyo fundi anayetaka kujua afunge geji kwenye mfumo huo, alipime basi kwenye mzani mara moja likiwa tupu na mara moja likiwa limejaa, kisha aandike shinikizo la kila hali. Kuanzia hapo geji itamwambia kwa makadirio mazuri ekseli imebeba kiasi gani kabla basi halijaondoka kituoni.

Hapa ni lazima kusema wazi kuhusu desturi ya kuongeza jani la springi. Jani la ziada huinua basi, lakini haliongezi uwezo wa ekseli, beringi za magurudumu, matairi wala breki, na kibati hakibadiliki. Madhara yake makubwa yamejificha kwenye breki. Mabasi mengi ya springi za majani yana vali inayopima mzigo kwa fimbo iliyounganishwa na ekseli: springi zikibonyea, vali huelewa kwamba nyuma kuna mzigo na kuruhusu nguvu kubwa zaidi ya breki kwenda nyuma. Springi zikifanywa ngumu kwa majani ya ziada, zinabonyea kidogo, vali inadhani basi ni jepesi, na ekseli iliyobeba kuliko kiasi ndiyo inayopewa breki hafifu. Ukinunua basi lililotumika, hesabu majani ya springi na ulinganishe na maelezo ya mtengenezaji, na ukikuta yamezidi, ukague marekebisho ya fimbo hiyo kabla ya kitu kingine.

Tairi linachemka, linakwisha pembeni, au linapasuka

Tairi linalokwisha kwenye mabega yake mawili huku katikati kukiwa na kashata nzuri linaeleza kwamba upepo ni mdogo kwa mzigo linaoubeba. Ama upepo umepungua, ama mzigo umezidi, na tairi haliwezi kukuambia ni kipi kati ya hivyo. Pima upepo tairi likiwa la baridi, kabla ya safari. Kupunguza upepo wa tairi la moto ni kosa, kwa sababu shinikizo lililopanda kwa joto litashuka tairi likipoa na kuliacha chini ya kiwango.

Kisha soma ubavu wa tairi. Baada ya saizi kuna tarakimu mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, kwa mfano 152/148, zikifuatwa na herufi ya mwendo. Tarakimu 152 ina maana ya kilo 3,550 kwa tairi lililofungwa peke yake, na 148 ni kilo 3,150 kwa kila tairi linapofungwa pacha. Ekseli ya nyuma yenye matairi manne ya aina hiyo ina uwezo wa kilo 12,600 kwa upande wa matairi, hivyo inatosha kwa kibati cha kilo 10,500 na ziada. Lakini mwenye basi akibadilisha na kufunga matairi ambayo tarakimu yake ya pacha ni 140, kila tairi lina kilo 2,500, manne yana 10,000, na ekseli imepoteza kilo 500 za uwezo wake halali ingawa kibati bado kinasoma 10,500. Saizi inaweza kulingana, kashata ikawa mpya kabisa, na kosa likabaki pale pale.

Zingatia pia kwamba tairi pacha likiisha upepo, mwenzake hubeba upande mzima. Kwa ekseli yenye kilo 10,500, hizo ni kilo 5,250 juu ya tairi ambalo hata likiwa peke yake limeruhusiwa 3,550 tu. Kupasuka kwa la pili, kilomita kadhaa baadaye, hudhaniwa kuwa bahati mbaya. Dereva anayepiga tairi kwa nyundo na kusikiliza mlio hufanya jambo jema, ila geji haina mbadala, kwani tairi pacha lililopungua nusu ya upepo wake kwa macho huonekana zima kwa kuwa mwenzake amelishikilia.

Wakati mwingine kosa la tairi ni la kiwandani. Kibati kilichotaja saizi au upepo usiotosha uzito wa ekseli ni miongoni mwa sababu za kawaida za wito wa kurudisha magari, na tiba yake huwa kibati kipya au matairi mapya. Ukizidisha uwezo wa matairi yaliyotajwa kwenye kibati kwa idadi yake na ukapata pungufu ya uzito wa ekseli ulioandikwa kwenye kibati hicho hicho, umeipata kasoro kwa penseli.

Breki zinachelewa, zinanuka, au kanyagio linakwenda mbali

Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na kiasi cha joto hukua kwa uwiano wa uzito na kwa mraba wa mwendo. Basi lililozidisha uzito kwa asilimia 15 na linalokwenda kilomita 90 kwa saa badala ya 80 hulazimisha breki kumeza nishati zaidi kwa takribani asilimia 46 katika kusimama mara moja. Kwenye mteremko mrefu breki hazipati nafasi ya kupoa: dramu hutanuka kwa joto na kukimbia mbali na viatu vya breki, mkono wa kusukuma husafiri umbali mrefu zaidi, na utambi wenyewe, yaani bitana inayosugua dramu, hupoteza msuguano.

Kabla ya kulaumu mzigo, tenganisha mambo haya. Breki zikiwa hafifu hata basi likiwa tupu, chanzo ni marekebisho, utambi, uvujaji wa hewa au vali ile ya kupima mzigo. Gurudumu moja likiwa moto kuliko mengine, breki ya gurudumu hilo inashika au beringi inakufa. Breki zikiwa nzuri asubuhi na kuisha nguvu katika mteremko basi likiwa limejaa, pima uzito. Kama uzito uko ndani ya kibati na breki bado zinaisha nguvu, acha kulitumia basi kwa abiria na uchunguze iwapo kuna wito juu ya mfumo wa breki wa chasisi hiyo, maana basi lililo ndani ya uzito wake linapaswa kusimama.

Usukani ni mwepesi, au basi linayumba

Usukani mwepesi kupita kawaida, na pua ya basi inayochelewa kufuata kona, huonyesha kwamba ekseli ya mbele imepunguziwa uzito na mizigo ya nyuma. Usukani mzito huashiria kinyume chake, au upepo mdogo mbele. Kuyumba kwenye kona au upepo wa pembeni kunahusu kimo cha mzigo kuliko wingi wake: mizigo ya juu ya keria na abiria waliosimama hupandisha kitovu cha uzito. Kanuni za Ulaya humtaka muundaji athibitishe kwamba basi halipinduki likiinamishwa nyuzi 28, na kwa basi la ghorofa jaribio hufanywa ghorofa ya juu ikiwa imepakiwa, lakini jaribio hilo halikufanywa na magunia yaliyofungwa juu ya paa baada ya basi kuuzwa.

Magari madogo ya abiria 15 yanahitaji tahadhari ya peke yake. Mwaka 2001 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitahadharisha kwamba magari hayo yakiwa na watu 10 au zaidi, kiwango cha kupinduka katika ajali zinazohusisha gari moja hufika karibu mara tatu ya yale yaliyopakia wachache, ingawa idadi hiyo imo ndani ya viti vilivyoruhusiwa. Kwa magari haya jaza viti vya mbele kwanza, usiweke kitu juu ya paa, na usiupuuze upepo wa matairi ya nyuma.

Kibati hakipo, au viko viwili visivyokubaliana

Kibati kilichokosekana kisibadilishwe kwa kukisia kutoka basi linalofanana. Peleka namba ya chasisi kwa mtengenezaji na uombe tarakimu kwa maandishi. Vibati viwili ni jambo la kawaida pale chasisi na bodi zilipotoka mikono miwili, na cha kufuata ni cha aliyelikamilisha gari. Hata hivyo, tarakimu zake zikiwa kubwa kuliko za chasisi, mtake aonyeshe idhini ya mtengenezaji wa chasisi. Akishindwa, fanya kazi na tarakimu ndogo. Kwa maoni yangu, basi ambalo muundaji wake hawezi kutoa karatasi hiyo lisinunuliwe kwa bei yoyote.

Kuna wito, au hakuna?

Wito hutolewa kwa namba za chasisi, si kwa jina la modeli. Mabasi mawili yaliyonunuliwa siku moja yanaweza kutofautiana, moja likiwa ndani ya kundi lenye kasoro na jingine nje. Namba hiyo ina tarakimu na herufi 17, na haitumii kamwe herufi I, O wala Q, kwa hiyo unachokiona kama O ni sifuri na unachokiona kama I ni moja. Kosa hili dogo la kuandika ndilo linalowafanya wengine waambiwe gari lao halitambuliki.

Tafuta mara mbili: kwa mtengenezaji wa chasisi na kwa muundaji wa bodi. Wito wa viti vilivyozidi au kibati cha uzito mara nyingi hutolewa na muundaji wa bodi, na hautaonekana kwenye orodha ya mwenye chasisi. Kwa basi lililoagizwa likiwa limetumika, barua huenda ilipelekwa kwa mmiliki wa kwanza katika nchi nyingine, hivyo ukimya haumaanishi kwamba gari halina kasoro.

Taratibu hutofautiana kati ya nchi na nchi. Nchini Marekani, mtengenezaji akishabaini kasoro ya usalama ana siku 5 za kazi kuiarifu NHTSA, na wamiliki wanatakiwa kutumiwa taarifa ndani ya siku 60 tangu mamlaka hiyo ilipoarifiwa. Taarifa inaweza kutangulia kabla vipuri havijapatikana, na katika kipindi hicho mwenye basi hupewa maelekezo ya muda, kama vile kutotumia safu fulani ya viti au kuacha buti moja tupu. Maelekezo hayo yafuatwe tangu siku barua ilipofika, na yaandikwe mahali ambapo dereva na kondakta wa zamu watayaona. Matengenezo ni bure kwa gari ambalo halijapita miaka 15 tangu liliponunuliwa mara ya kwanza.

Tiba yenyewe hutegemea chanzo. Pale kosa lilipokuwa la maandishi, hubandikwa kibati kingine na kazi huisha kwa dakika chache. Pale viti vilipozidi uwezo, viti huondolewa, na mwenye basi hupoteza nafasi alizolipia, jambo linalowashawishi wengi kutoitikia wito. Pale springi, ekseli au matairi yalipokuwa madogo, hubadilishwa. Usikubali kibati kipya chenye tarakimu kubwa zaidi bila maelezo ya kipuri gani kimebadilishwa au hesabu gani imerudiwa, kwa sababu kibati hakibebi mzigo.

Baada ya matengenezo, lipime basi tena, tupu na lililojaa. Kama springi ziliongezwa nguvu, uliza iwapo vali ya kupima mzigo imerekebishwa upya. Kama tarakimu za uzito zilipunguzwa, badilisha nyaraka za leseni na za bima pia, maana basi likipata ajali likiwa na abiria wa idadi ya zamani, kibati kipya ndicho kitakachosomwa. Dalili zikibaki vile vile ilhali uzito uko ndani ya kiwango kipya, mrudishie mtengenezaji taarifa hiyo kwa maandishi.

Hakuna wito lakini unashuku kasoro

Toa taarifa kwa mtengenezaji na kwa mamlaka ya usalama wa magari ya nchi yako, kwa sababu miito mingi huanza na malalamiko ya wamiliki. Taarifa yenye nguvu ina namba ya chasisi, picha ya kibati kinachosomeka, karatasi za mzani za basi tupu na la kujaa kwa kila ekseli, saizi na tarakimu za uzito za matairi yote, idadi ya viti, na orodha ya kila kilichoongezwa tangu basi linunuliwe. Usifiche hiyo orodha ya mwisho. Mchunguzi akiikuta keria ambayo hukuitaja, ataliweka shauri lote kwenye fungu la mabasi yaliyopakiwa vibaya. Kipuri kilichovunjika, liwe jani la springi, boliti au kipande cha tairi, kiwekewe lebo yenye tarehe na usomaji wa kilomita na kihifadhiwe bila kusafishwa, kwa kuwa uso wa mvunjiko huonyesha kama chuma kilichoka polepole au kilikatika kwa mzigo wa mara moja.